Sabuni Kwenye Mkanda

Mjomba wangu hutibu injini kwa sabuni. Gari likija linapiga mluzi, hufungua boneti, hufumba macho kama daktari anayesikiliza kifua cha mgonjwa, kisha hutoa hukumu: mkanda. Injini ikizimwa, huusugua mkanda huo unaozungusha alternata na pampu ya maji kwa kipande cha sabuni ya kufulia. Mluzi hunyamaza, mteja hushukuru. Gereji nzima inamwita Sikio, naye huitika.

Mwezi mmoja mkunga wa zahanati alikuja na gari lake lenye mluzi mara tatu. Mara ya kwanza alipewa sabuni. Ya pili, mkanda mpya na sabuni. Ya tatu gari lilikokotwa kwa kamba: mkanda ulikatika njiani, injini ikachemka, na mama mwenye uchungu akamalizia safari juu ya trekta.

Mjomba akaagiza mkanda mwingine, akilaani viwanda vya siku hizi. Mimi, fundi wake mpya mwenye diploma, nikamuuliza vipi mikanda miwili iliwe ukingo uleule. Akaniambia nishike tochi, diploma nikaitundike ukutani.

Tochi niliishika kwa meno. Nikatoa mabaki ya mkanda, nikazungusha puli, yale magurudumu yanayobeba mkanda, moja moja kwa mkono. Ya alternata, laini. Ya pampu, laini. Ile ya kukazia mkanda ikasaga kama inatafuna changarawe, na nilipoisukuma ikacheza kama jino la mtoto wa miaka sita. Beringi yake, ile inayoifanya izunguke laini, ilikuwa imekufa zamani. Puli imelala upande, inakula kila mkanda inaopewa, na sisi tunaipaka sabuni.

Nikamwita mkunga. "Dada, zungusha hapa."

Akazungusha. Yule kazi yake ni kusikiliza kwa vidole. Akamtazama Mjomba bila haraka.

"Kumbe siku zote nilikuwa naoshewa gari kwa ndani."

Mafundi wawili wakageukia ukuta, mabega yakitikisika kwa kicheko.

Mjomba akatangaza kwamba puli aliijua tangu siku ya kwanza. Alikuwa ananipima tu. Mtihani mzuri, wenye trekta ndani yake. Nikafunga puli mpya na mkanda mpya, gari likaondoka kimya bila povu, nami nikakitia kipande cha sabuni mfukoni.

Jioni nilimkuta nyumbani kwake ameketi na mama yangu, dada yake, aliyeitwa rasmi kuja kunisuta. Mama alisema huyu ni mkubwa wangu, ndiye aliyenipa kazi, nami nimemvua nguo mbele ya mteja. Mjomba akaongeza, akitazama dari, kwamba nimwombe radhi mbele ya mafundi wote, la sivyo kesho nisionekane pale gereji.

Nikatoa kile kipande cha sabuni mfukoni, nikakiweka mezani mbele yake.

"Shikamoo yangu utaipata kila siku, Mjomba, hata nikifanya kazi kwingine. Sabuni hii nawia mikono. Radhi siombi."