Mji Hautembei

Taa zilikuwa chini yetu. Taa nyingi, nyeupe, zimepangana kama mji uliojengwa wakati tumefumba macho.

Nakuambia wewe unayetaka kulala kileleni, uliyebeba turubai na tochi: mlima mchana ni mlima. Usiku ni kitu kingine, na hakina jina.

Ilikuwa mwaka wa mvua za El Nino. Mimi na Ryoba, mwenzangu wa njia, mtu wa ng'ombe kutoka Ogwedhi, ambaye hakuwa amewahi kuliona ziwa usiku. Mvua ilitukamata juu ya milima ya Gwassi, kando ya ziwa, ikatulaza huko kwa lazima. Moto ukafa. Umeme ukatafuta kilicho kirefu, na kirefu kilikuwa sisi. Tukalala chini kama nyasi. Upepo ukachukua turubai, ukaenda nalo kama mwenye mali.

Ryoba alitetemeka. Meno yakagonga, yakagonga, yakagonga. Halafu yakanyamaza.

Hapo ndipo nikaogopa. Mwenye baridi akiacha kutetemeka, baridi imeshaingia ndani na kufunga mlango.

Akavua koti. Akasema kuna joto. Mvua ikakatika, ukungu ukafunguka, na taa zikawa pale.

"Omera, ndugu yangu, Homa Bay hiyo! Twende tukanywe chai."

"Huko ni genge, ukingo wa jabali, Ryoba. Kaa."

"Mjaluo wewe, unanificha mji?"

Akaondoka mbio. Nikamshika mshipi. Alikuwa na nguvu ya ng'ombe aliyenusa chumvi.

"Ngoja kwanza," nikamwambia. "Mji hautembei. Tuutazame. Ukikaa pale pale, tunashuka wote."

Tukautazama. Taa moja ikatoka mtaani kwake. Nyingine ikaifuata. Mtaa mzima ukasogea, polepole, bila mbwa kubweka, bila mtu kufunga duka. Zilikuwa karabai za wavuvi wa omena, juu ya maji.

Mji hautembei.

Ryoba akakaa. Nikamfunika kwa koti lake, nikamfunika kwa mwili wangu, nikaliita jina lake, Ryoba, Ryoba, mpaka meno yakaanza tena kugonga. Sijasikia ngoma tamu kuliko hiyo.

Asubuhi ziwa lilikuwa tupu. Hakuna paa, hakuna moshi. Na pale nilipomshika, akala yake moja, kiatu cha tairi, ilikuwa imebaki ukingoni, nusu juu ya jiwe, nusu hewani, ikitazama chini.

Nimezeeka, bado natembea. Nikiona taa mbali, hata nikiwa na njaa, nakaa chini kwanza. Kama ni mji, utaningoja.