Amri Iliyotangulia Hukumu

Bahasha ya Ikulu ilifika mahakamani saa tatu asubuhi, na Jaji Smaranda Vlaicu akaisoma mara mbili. Rais alikuwa ametengua hukumu ya Smaranda ya kumwachia huru mwalimu Leontin, "iliyotolewa leo saa tano na dakika arobaini". Hukumu hiyo ilikuwa bado kichwani mwake. Hakuwa ameiandika wala kumwambia mtu.

"Siku hizi Ikulu wanapiga ramli, Mheshimiwa?" aliuliza Aglaia, karani wake.

"Bunge wameshalifanya pambo. Sasa wanaingia mpaka kichwani mwangu."

Na huyo Leontin alikosa nini? Aliwafundisha watoto wa darasa la saba kwamba rais naye ana mipaka. Kwa hilo alikaa ndani miezi minane bila mashtaka. Aibu tupu.

Smaranda hakungoja saa tano. Katika mahakama zao hukumu huandikwa kwanza kwa mkono wa jaji mwenyewe, na akishatia saini imekuwa halali. Akaandika: aachiwe sasa hivi, saa tatu na dakika ishirini. Akasaini. Aglaia akatoa kichwa dirishani, akamwita sajini aliyekuwa uani na mfungwa, naye ana nakala ya amri ile ile ya Ikulu.

"Mwachie, Parvu! Jaji kaamua!"

Leontin akashika njia ya daraja lililokuwa mbele tu ya dirisha lile, maana ng'ambo ya mto Danubi ni nchi nyingine. Hajafika mbali, Aglaia akashtuka.

"Mheshimiwa, hebu ona karatasi hii!"

Kwenye amri ya Ikulu, ile saa tano na dakika arobaini ilikuwa imefutika. Wino ulikuwa unajichora wenyewe, polepole, kama unyevu unavyopanda ukutani: saa tatu na dakika ishirini. Huko nje Parvu alitazama nakala yake, akamkimbilia mwalimu, akamdaka mkono.

Smaranda aliogopa, asikudanganye mtu. Lakini alikuwa ameuona mwanya. Wino ule ulichukua dakika mbili nzima kujiandika, na kwa dakika mbili hizo Leontin alikuwa mtu huru. Akavuta karatasi nyingine, akaandika hukumu ile ile kwa saa mpya.

"Mwachie!" Aglaia akapaza sauti.

Parvu akaachia. Wino ukafika, akadaka tena.

"Mwachie!"

"Jamani, Aglaia, mnanifanya mwanasesere?"

"Jaji kaamua, wewe achia!"

Kufikia hukumu ya tano vidole vya Smaranda vilikuwa vimekufa ganzi, na Leontin yuko juu ya daraja. Akasaini ya sita, akaikodolea macho amri, akingoja saa ibadilike. Saa haikubadilika. Jina la Leontin ndilo lililokuwa linafifia, na mahali pake palikuwa panajitokeza jina la jaji: sasa wa kukamatwa ni yeye.

Katikati ya daraja Parvu alisoma nakala yake, akageuka, akaanza kurudi mahakamani peke yake.

"Toroka, Mheshimiwa! Pita mlango wa nyuma!" Aglaia alikuwa analia.

"Amefika ng'ambo?"

"Amefika."

"Basi zitie hizi kwenye faili," Smaranda akasema, akamkabidhi hukumu zote sita. Akavua joho, akalikunja, akakaa kumngoja sajini.