Saa Saba Angani

"Ndege nazijua nje ndani," Bi Sindano alimwambia mteja wake, pini zikiwa mdomoni. "Nje nimeziona zikipita. Ndani, bado."

Hata hivyo alikuwa amekata shauri. Mjukuu wake ameshaota meno, naye anamjua kwa simu tu, tena nusu paji la uso, maana baba mtu hajui kushika simu. Alitaka kumpakata kabla hajawa mkubwa wa kukataa kupakatwa. Lakini kila akigusia safari, mwanawe, ambaye mtaa mzima ulimwita Bosi kwa sababu ya ofisi yake kubwa huko mjini kwake, alikuja juu.

"Mama, ni saa saba angani! Miguu itavimba kama magunia. Subiri, nitakuja mimi."

Subira huvuta heri, ila hii ilikuwa imevuta mwaka mzima na heri yenyewe haijatokeza hata pua. Bi Sindano akafunika cherehani, akaenda kwa muuza tiketi.

"Mwendo wa saa moja na dakika kumi, bibi," binti alisema bila kuinua macho.

"Mwanangu anasema saba."

"Labda alipitia kwa shemeji zake."

Hapo Bi Sindano akanusa jambo. Mtu hakosei hesabu kiasi hicho hivihivi. Ana mke wa pili, au ameuza nyumba. Akanunua tiketi, akanyamaza kama maji ya mtungini.

Siku ya safari alikuta foleni ndefu kama maneno ya mlevi. Akaona pia kizee mmoja akipitishwa mbele kwa kiti cha magurudumu, watu wakimpisha na kumpa pole. Papo hapo magoti yake, ambayo juzi tu yalimkimbiza jogoo wa jirani hadi jogoo akaomba suluhu, yakafa ganzi.

"Mwanangu, magoti!" alimlilia mhudumu.

Kiti kikaja. "Na kule, bibi, utapokewa na kingine mlangoni mwa ndege."

"Mungu akuzidishie," akaguna kwa uchungu.

Ndege iliporuka aliomba dua zote alizojua, pamoja na ile ya chakula. Hajamaliza karanga alizopewa, magurudumu yakagusa chini.

Abiria wakashuka. Yeye akabaki, uso ameukunja kigonjwa, hadi mhudumu wa ndege akamshika mkono na kumfikisha mlangoni. Kiti kilikuwa tayari, na nyuma yake mwanamume mwenye kizibao cha njano, akikariri: "Karibu mama, pole na safari, kaa hapa, tutakwenda polepo..."

Alikuwa Bosi.

"Kumbe ofisi ndiyo hii," Bi Sindano alisema.

"Mama, leo namshikia mwenzangu tu. Mimi hasa nakaa kule ghorofani..."

"We mzee wa viti!" sauti ikaita kutoka ndani ya jengo. "Ukimaliza huyo, chukua na yule wako wa kila wiki!"

Bosi akainamisha kichwa.

"Mwaka mzima unaninyima mjukuu kwa ajili ya kizibao?" Bi Sindano alifoka. "Kazi ni kazi, mjinga wewe! Nipeleke nikamwone mtoto!"

Akautupia mkoba wake begani, akampita Bosi na kiti chake, akaukata ujia mrefu wa kuelekea jengoni mbio mbio.

"Bibi!" mhudumu wa ndege akaita kutoka mlangoni. "Na yale magoti?"

Bi Sindano akasimama. Akaanza kuchechemea. Baada ya hatua chache, akabadilisha mguu.