Mji Uliotolewa Saa Nane

Kuna kitu asubuhi chepesi, jioni kizito, nacho ni kile kile. Ni shuka, muulize mpiga pasi yeyote. Mvuke alikuwa amemaliza mashuka ya hospitali na sasa yuko kwenye ya nyumba za wageni, jasho linakusanyika kwenye ncha ya pua, linadondoka, tss, pasi inalipitia kama halikuwapo. Walimwita Mvuke kwa sababu akikasirika alitoa pumzi kwa pua, sawasawa na pasi yake. Lakini siku hiyo hakukasirika. Alikuwa akicheka na shuka.

"Una nini wewe? Umeokota pesa?" aliuliza Dada Mrefu, aliyekuwa akikunja upande wa pili wa meza.

"Mama yangu leo anaongea redioni."

"Mama yako yupi? Yule wa vitendawili?"

"Kwani nina mama wangapi, dada?"

Ilikuwa ile redio ya kwenye mtandao, ya vijana walioianzisha chumbani kwao, magodoro yameegemezwa ukutani kuzuia kelele. Saa nane mchana wanampigia simu mzee mmoja, popote alipo, anatega vitendawili. Hawarudii. Kipindi kikipita kimepita. Na mama mtu, aliyekuwa mbali huko nyumbani, alikwisha kumwonya binti yake tangu jana.

"Kesho nitatega kimoja chako wewe," alisema. "Jibu silisemi redioni. Jioni unipigie unipe jibu. Na usiniletee habari za kazi. Mimi nilikuzaa nikiwa kazini."

Mvuke alijua maana yake. Utoto wake wote mama yake hakuwahi kumwambia "nakupenda mwanangu", alimtegea tu. Kumkosa mama redioni kulikuwa sawa na kuitwa kwa jina lako na usiitike.

Sasa, ukutani pale kwenye kiwanda chao cha kufulia palibandikwa karatasi: SIMU NA REDIO MARUFUKU. ATAKAYEKAMATWA SIKU YAKE IMEPOTEA. Tajiri alisema mikono ya mtu anayesikiliza redio huwa mizito. Kwa hiyo kila simu ililala kwenye kikapu juu ya meza ya msimamizi, katika chumba kidogo cha kioo chenye feni pekee ya jengo zima. Wapiga pasi walipepewa na pasi zao. Msimamizi mwenyewe walimwita Kengele, kwa kuwa hakusema, alilia: "Mikono! Mikono naiona!"

Asubuhi ile Mvuke alinunua bando. Bando lilikuwa limepanda tangu wiki iliyopita, likapanda pamoja na sabuni na nauli, kwa hiyo ilibidi kitu kishuke, na kilichoshuka ni chai yake ya asubuhi. Wakati wa chakula cha mchana, saa nane ikikaribia, walirudishiwa simu kidogo. Alimfuata Dada Mrefu kwenye kona ya matangi ya maji.

"Nirekodie mama yangu."

"Mbona rahisi! Fungua redio. Haya, punguza sauti, punguza, mpaka iishe kabisa, Kengele asisikie kitu. Sasa fungua kinasa sauti, bonyeza hicho chekundu. Zima kioo. Umemaliza."

"Sauti si imeisha? Kitanasa nini?"

"Imeisha huku nje! Ndani redio inaendelea kusema, na kinasa kiko humo humo ndani. Ni kama mtu na tumbo lake. Likinguruma wewe husikii, mwenyewe anasikia."

Mvuke akaona kweli. Akairudisha simu kikapuni polepole, kama anayemwekea kuku yai.

Saa nane ikafika. Mashine za kukamulia zilinguruma, na mlango wa Kengele ulikuwa umefungwa. Kupitia kiooni walimwona akirusha mikono, akijishika kichwa, akiipiga meza.

"Anagombana na mkewe kwenye simu," Dada Mrefu alisema.

"Maskini mke."

Mvuke alinyoosha foronya na kumwaza mama yake. Saa hizi ameketi kitako, simu ameishika kwa mikono miwili, na bila shaka amejitanda vizuri. Redio haioni, lakini mama yake hatakwenda kuongea na watu kichwa wazi.

Walipotoka, Mvuke hakungoja kufika mbali. Alikaa kwenye ngazi nje ya lango, wenzake wakamzunguka, na akabonyeza.

Kiti kikalia. Mtu akakohoa. Feni ikazunguka, vuu, vuu. Mtu akajikuna.

"Dada," Mvuke alisema, na sauti yake ikawa ndogo. "Imenasa ofisi."

"Ngoja."

"Ningoje nini? Tumbo gani hilo ulilonifundisha? Mama yangu kapita, kaenda, na mimi nimerekodi Kengele akijikuna!"

"Ngoja, wewe! Sikiliza."

Ndani ya ule mvumo wa feni ukaja muziki wa kipindi. Kisha sauti ya kijana mtangazaji: "Habari za mchana wasikilizaji, leo tuna bibi yetu mtegaji..." Haikutoka kwenye simu ya Mvuke. Ilitoka pembeni, juu ya meza ile ile, kwenye simu nyingine.

Dada Mrefu alifunika mdomo. "Kengele ana redio!"

"Hamjambo wajukuu zangu," ikasema sauti, na Mvuke akaikumbatia simu kwa viganja viwili. Ilikuwa yeye. Kile kikohozi kidogo kabla ya neno la kwanza, na ule "wajukuu" anaouvuta kama kamba ya kisima. "Kitendawili!"

"Tega!" akajibu mtangazaji.

"Tegaaa!" akajibu Kengele peke yake ofisini, kwa sauti ya mtoto wa darasa la pili.

Pale ngazini watu walilala juu ya mabega ya wenzao.

"Hiki ni cha mwanangu," alisema mama. "Yuko mjini, anasimama kutwa, miguu inamvimba na haniambii. Lakini najua, na sasa hivi ananisikia. Ng'ombe wangu wa chuma, hali nyasi, hula mikunjo. Akinywa maji hupiga chafya."

"Trekta!" alisema Kengele. Meza ikapigwa. "Treni! Hapana, ngoja bibi, usiseme... Mashine ya kusaga! Aa! Hula mikunjo, hula mikunjo..."

Simu ya mezani ikalia ofisini. Redio ikapunguzwa haraka. "Naam tajiri! Wapo kimya kabisa, tajiri. Redio? Hapa? Hapana, marufuku ni marufuku." Simu ikawekwa. Redio ikapandishwa.

"Hata mtangazaji ameshindwa," mama alikuwa akisema. "Ametoa mji wake. Na wewe unayesikiliza huko uliko, umeshindwa, usijifiche. Nipe mji."

Kiti kikalia. Kengele akashusha pumzi.

"Haya bibi. Nakupa mji. Chukua kiwanda hiki chote, na mashuka yake, na wapiga pasi wake wote."

"Ahsante," ikasema redio, kana kwamba imemsikia. "Nimeupokea."

Hapo ndipo kicheko kilipowatoka mpaka machozi, na hapo ndipo Kengele mwenyewe alipotokea langoni, kufuli mkononi, akaisikia sauti yake ikisema "wapiga pasi wake wote". Alibaki amesimama kama nguo iliyosahauliwa kwenye kamba.

"Nani... hiyo imetoka wapi?"

"Kikapuni kwako, bosi," Dada Mrefu alisema kwa upole sana.

"Msimpelekee tajiri," Kengele alisema. Hakulia kama kengele sasa, alisema kama mtu. Kisha, kwa sauti ya chini zaidi: "Lakini ni nini? Huyo ng'ombe?"

"Pasi!" walipiga kelele wote.

Kengele alilitazama shati lake, lililonyooshwa asubuhi na mmoja wao. "Pasi," alisema. "Na ninazo humu ndani kutwa nzima."

Mvuke alikwisha kupiga simu, ameweka sauti ya nje.

"Kitendawili!" ilisema simu, bila hata salamu.

"Tega, mama. Ni pasi."

"Ulinisikia," mama alisema.

"Nilikusikia. Na miguu haivimbi sana."

"Mwongo wewe. Na hao wanaocheka ni nani?"

"Wapiga pasi wako, mama. Umepewa leo, na kiwanda chake." Akamweleza yote, na mama alicheka mpaka kikohozi kikamshika.

"Huyo aliyetoa yuko hapo?"

"Yupo, ameshika kufuli."

Kengele akasogea, akainama kidogo mbele ya simu. "Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Ulinipa, hukunipa?"

"Nilikupa, mama."

"Basi katika mji wangu, saa nane mlango unakaa wazi. Na hiyo feni ninayoambiwa, igeuzwe uso iwatazame wanangu."

"Mama, mimi sikatai, ila amri ni ya tajiri..."

"Tajiri kategua kitendawili?"

Kengele akafunga lango, akaenda zake, na kwa mbali walimsikia akijicheka: "Pasi!"

Kesho yake karatasi ilikuwa pale pale ukutani. Simu zililala kikapuni, mashuka ya hospitali yalifika na madoa yake, na bando, nasikia, lilikuwa likijiandaa kupanda tena. Chai ya Mvuke haikurudi siku hiyo. Lakini ilipofika saa nane, Kengele alitoka bila kumtazama mtu, akauzuia mlango wa ofisi kwa furushi la taulo, akaigeuza feni. Upepo ukaja mpaka meza ya mwisho. Nyuma yake ikaja sauti ya mzee mwingine, wa mbali kwingine: "Kitendawili!"

"Tega!" kikajibu chumba kizima, na mikono haikusimama, ilikwenda mbio kuliko asubuhi.

Kilikuwa kitendawili kigumu. Kengele alijishika kichwa, akazunguka kiti, akajaribu hiki na kile, mwisho akainua mikono.

"Nimeshindwa! Nakupa mji!"

"Mji upi?" aliuliza Dada Mrefu, bila kuinua macho kwenye shuka lake. "Huna tena, bosi. Ulishautoa jana."

Na ng'ombe wote wa chuma wakapiga chafya.