Wenzake Wakili Mngumi

Jana usiku, nikiwa nimelala na viatu kwa uchovu, niliota kiti kinagonga dirisha langu. Nilikitambua. Ni cha mbao ya mninga, mguu mmoja umefungwa waya. Marehemu mama alikifunga mwenyewe.

"Shikamoo," nikasema, maana kilinizidi umri.

"Marahaba, Mhando. Vaa shati. Ofisi ina kikao."

Nieleze kwanza. Wakili Mngumi alianzia kazi katika chumba cha mbele cha nyumba yetu, kabla mafuta hayajapatikana huku. Hakuwa na kitu. Aliazima viti vitatu vya mama, akaandika mlangoni: Mngumi na Wenzake, Mawakili. Hao wenzake hatukuwaona hata siku moja. Mafuta yalipopatikana kila mtu akahitaji wakili, naye akahamia ghorofani mjini, na viti akaondoka navyo. Mama alisema atavirudisha. Alisema hivyo mpaka anakufa, na siku ya msiba wake wazee walikalia ndoo.

Sasa kampuni ya mafuta inataka kupitisha bomba uani kwetu, pale alipolala mama. Wakili wa kampuni ni huyo huyo Mngumi. Leo asubuhi alikuwa aje nitie sahihi, kaburi lihamishwe. Dada zangu wamechoka kubishana, na mimi nimechoka. Nilishaamua kutia.

Basi nikakifuata kiti. Tunatoka mlangoni, mara tuko ndani ya lifti. Lifti inapanda katikati ya mafuta meusi. Ghorofa ya kwanza watu wamepanga foleni ya kumwona wakili. Ghorofa ya pili ni foleni ile ile, ila wamezeeka.

"Wakati mafuta ndiyo yanaanza, wote walikuwa wanashuka hapa," lifti ikaniambia.

"Walikuwa wanapewa nini?"

"Tarehe nyingine."

Ilipiga miayo, ikaendelea kupanda.

Ghorofa ya mwisho ni chumba chetu cha mbele, na pazia la mama lipo. Viti viwili vimeshafika. Wakili Mngumi amesimama na suti yake, mguu mmoja huku, mwingine kule, na katikati ya miguu limepita bomba.

"Mzee, mbona umesimama hivyo?"

"Mguu huu nasimama upande wa kampuni. Huu mwingine nasimama upande wa wenye viwanja. Zamani bomba lilikuwa jembamba, Mhando. Hata hulisikii."

Bomba linanenepa. Suruali inaanza kulia.

Kiti cha waya kikakohoa. "Kikao kimefunguliwa. Wabia wote tupo."

"Wabia gani?" Mngumi akauliza.

"Si uliandika mlangoni? Sisi ndio wenzako. Wewe ulileta mdomo, sisi ndio mtaji."

"Ninyi ni viti vya kuazima!"

"Hapo sawa. Basi mbia ni aliyekuazima."

Mama akaingia kutoka jikoni na ungo wa mchele, akakaa, akaanza kuchagua mawe. Hakunisalimia.

"Soma kanuni," kiti kikasema.

Mngumi akasoma, jasho likimtoka. Wakili haruhusiwi kusimama dhidi ya mwenzake wa ofisi. Kila neno alilotamka lilianguka kwenye ungo. Mama akaliokota, akalitazama, akalitupa pamoja na mawe.

"Mama," nikasema, "nitie sahihi? Nimechoka."

"Naona. Wageni wako wakija watakaa wapi?"

"Mama, wewe ulishakufa."

"Nakuuliza viti, unanijibu kifo."

Suruali ya Mngumi ikapasuka, nikaamka.

Kulikuwa kumekucha. Nilitoka uani kunawa uso. Jana jioni nilikuwa nimefagia mchanga wote kuzunguka kaburi, kwa ajili ya ugeni wa leo, na hakuna aliyepita tena. Sasa kando ya kaburi kulikuwa na vishimo vidogo vya duara, vinne vinne, mahali patatu, kama watu wamekaa hapo wakizungumza na mama mpaka alfajiri. Ndani ya kishimo kimoja palikuwa na kipande cha waya chenye kutu.

Nilikiweka mfukoni. Sikufagia tena.

Mngumi akabisha hodi. Nikamkaribisha. Akaingia na karatasi zake na kalamu ameshaifungua, akageuka huku, akageuka kule.

"Mhando, humu ndani hamna kiti?"

"Nilikuwa nakungoja wewe nikuulize," nikamwambia, na ile kalamu sikuipokea.