Vumbi Jekundu Kwenye Filta

Jirani yangu Mama Lea anasema alimpigia simu dada yake anayelima mpunga Madibira, akamwuliza kama amemwona mume wangu Saulo, yule bodaboda mrefu mwenye pikipiki ya bluu. Dada yake akajibu kwamba bodaboda wote waliokuja kubeba mpunga msimu huu anawajua kwa majina, maana ndiye anayewauzia chai, na Saulo hayumo. Mama Lea anasema ilibidi akae chini kwanza. Halafu akauliza tena, "Hata kule kwenye mashine za kukoboa hayupo?" Dada yake akasema, "Huyo mtu hajakanyaga huku."

Haya alinisimulia Jumanne asubuhi, ameegemea mlango wa jiko langu, anatafuna muhindi wangu wa kuchoma.

"Mimi si mchonganishi, Vene," alisema. "Lakini mwanamume anaaga anakwenda mpungani, mara mbili, na harudi hata na kilo moja ya mchele? Mchele huo anaulia hukohuko anakopikiwa."

"Labda umeisha, Mama Lea."

"Madibira? Mchele uishe Madibira?" Akacheka mpaka punje zikamtoka mdomoni. "Haya, mama kijacho. Ndaga, asante kwa muhindi."

Na mimi nilicheka. Ukimnyima Mama Lea kicheko, kabla ya saa sita Iyunga nzima itajua umenuna.

Alipoondoka nilikaa kwenye kigoda nikashika tumbo. Lina miezi minane. Kwetu Kilolo, mtoto wa kwanza unakwenda kujifungulia nyumbani. Mama yako ndiye anayekukanda maji ya moto na kukupikia uji. Saulo aliahidi kunipeleka kwa mama mwezi wa sita ukianza. Ulipoanza, akasema msimu wa mpunga haumsubiri mtu. Baadaye akasema gari litanitikisa. Juzi akasema Kilolo kuna baridi mno. Sababu ikiwa moja huwa naikubali. Zikifika tatu naanza kuzitazama.

Pikipiki ilikuwa uani. Saulo alikuwa amekwenda kanisani kusaidia kupaua jiko la akina mama.

Niseme kwanza kwamba marehemu baba yangu alikuwa fundi pikipiki. Nilipomaliza la saba sikuendelea, nikawa namshikia spana mpaka nilipoolewa. Baba alikuwa akisema, ukitaka kujua pikipiki imetoka wapi usitazame matairi, maana matairi huoshwa. Tazama filta. Alifariki mwaka juzi. Nilipigiwa simu nikiwa hapa Iyunga, na siku ya tatu mimba niliyokuwa nayo ikatoka.

Basi mwezi wa tano mwishoni, Saulo alikuwa ameipeleka pikipiki kwa fundi Sedekia, wakang'oa boksi lote la filta, wakafunga filta ya wazi, ile ya sponji yenye umbo la pia, inayokaa nyuma ya kabureta bila kufunikwa na kitu. Wakaongeza na jeti ya kabureta, kile kitundu kinachopitisha mafuta, kwa sababu hewa ikizidi na mafuta yakabaki yaleyale injini inachemka, na plagi inakuwa nyeupe kama chaki. Pikipiki ikapata pumzi. Mlima wa Iwambi ikawa inaupanda inaimba.

Siku hiyo nilimwuliza, "Unakwenda kwenye vumbi la mpunga, halafu unatoa boksi linalokinga vumbi?"

"Vene, wewe utazaa fundi," alisema. Akacheka. Akawasha pikipiki, akaondoka.

Lakini filta ya namna ile anaitaka mtu mwenye lami ndefu na milima mbele yake. Madibira ni tambarare kama sinia.

Safari ya kwanza alikaa siku tatu. Ya pili, siku sita. Jumapili alirudi amenyolewa kipara, macho mekundu, na pikipiki imeoshwa hadi spoki.

"Joto la Madibira," alisema, akijipapasa kichwa.

"Mwezi huu?"

"Na chawa," akaongeza. Halafu, akiwa anavua viatu: "Filta usiiguse. Sedekia ataiosha."

Tangu anioe, filta naiosha mimi, kila Jumamosi.

Sasa nilichukua bisibisi, nikalegeza kibanio, nikaivuta. Ilikuwa nzito. Sponji ya namna hii hupakwa oili kidogo ili ishike vumbi, kwa hiyo kinachoingia hakitoki hovyo, na mwosha pikipiki wa barabarani haigusi maana akiilowesha pikipiki haiwaki. Nikatandika kitambaa cheupe, nikaigonga juu yake taratibu.

Nilikuwa najua ninachotafuta. Ningeona pumba za mpunga na lile vumbi la kijivu, ningejua Mama Lea ni mwongo. Nisipoziona, basi kuna mwanamke mahali, na nilikuwa nimeshaanza kumpa sura.

Pumba haikuwepo hata moja. Lililodondoka lilikuwa jekundu. Na kwenye kibanio lilikuwa limenasa jani moja jembamba kama sindano, limekauka. Nikalinusa. Paini.

Hata shuleni, soksi zetu zilikuwa na rangi ile. Ni udongo wa kwetu Kilolo, na paini ni za kwetu.

Nikaiviringisha ile sindano vidoleni. Mimi naomba kupelekwa Kilolo, naambiwa barabara, naambiwa baridi, naye anakwenda Kilolo bila mimi. Anafuata nini? Nikamfikiria mdogo wangu Devota, ana miaka ishirini, akicheka unamsikia mpaka ng'ambo ya bonde. Nikafikiria labda amekwenda kunishtaki kwa wajomba, anataka kunirudisha. Yote mawili niliyaona yanawezekana, na nilijichukia kwa kuyaona.

Nikampigia Devota. Wiki tatu sasa simu ya mama haipatikani. Devota alishaniambia imeingia maji.

"Kamwene, dada," akasema. Sauti ilikuwa imekauka.

"Kamwene. Saulo alifika huko?"

Nyuma yake nilisikia wanawake wengi, na sufuria kubwa ikiburutwa.

"Devota, hao ni nani?"

"Jumuiya, dada. Wamekuja kusali."

"Nipe mama."

"Mama amelala."

"Saa nne asubuhi? Mama?"

"Dada, umekula? Kula basi. Usijichoshe." Akakata.

Mama yangu hajawahi kulala saa nne asubuhi. Siku alipovunjika mkono alipalilia kwa mkono mmoja.

Nikachota maji ya uvuguvugu, nikatia sabuni ya unga, nikaanza kuikamua filta. Haisuguliwi, inaminywa tu kama titi la ng'ombe. Maji yakawa mekundu. Nikamwaga, nikachota mengine. Na ndipo nikakumbuka kaka zangu, siku ya kuondoa tanga la baba, wamekaa kwenye mkeka, wananyolewa mmoja mmoja, na mjomba akisema hata wakwe wa kiume wakae, nao ni watoto wa nyumba hii. Saulo alinyolewa siku ile. Nywele zake nilizifagia mimi.

Nikakikumbuka kipara cha Jumapili, nikaacha kukamua.

Saulo aliingia uani saa saba, kofia imeshuka mpaka kwenye nyusi. Akaliona beseni. Akaiona sponji mkononi mwangu.

"Nilikwambia usiiguse," alisema, lakini kwa upole, kama mtu anayemwambia mtoto.

"Madibira kumeota paini siku hizi?"

Akaishikilia kofia yake.

"Nani alikunyoa, Saulo?"

"Vene, mtoto akizaliwa salama tutaongea. Tutaongea yote. Wazee wamesema hivyo, si mimi. Baada ya yale ya mwaka juzi..." Akatazama tumbo langu.

"Mimi sijauliza wazee wamesema nini."

Niliirudisha sponji kwenye beseni. Nilikausha mikono kwenye kanga, nikasimama taratibu, nikimshikilia mtoto kwa chini.

"Nipeleke kwa mama," nikasema. "Kesho asubuhi. Unipandishe basi mpaka Iringa, wewe utatangulia na pikipiki. Nipeleke nikamwone, hata kama ni kumwona alipolala, kando ya baba."

Saulo alichuchumaa. Akaichukua filta kutoka kwenye beseni, akafungua kichupa cha oili, akaanza kuipaka kwa kidole, upande mmoja, kisha wa pili. Ilikuwa inadondosha maji bado. Filta haipakwi oili kabla haijakauka kivulini. Hilo nilimfundisha mimi. Oili ilikataa kushika, ikatiririka pamoja na maji mpaka kwenye kiwiko chake, naye akaendelea kupaka.

"Saulo," nikasema. "Nipeleke kwa mama."

Akaigeuza, akaanza upya.