Jiwe la Namba Tisa

Haya nimeyapata kwa mwanangu, mtoto wa marehemu mdogo wangu, Jumatano iliyopita saa nane mchana. Nilikuwa uani nachambua maharage. Aliniletea toroli la madumu ya maji kutoka bombani, akaliegesha karibu na mlango wa jiko, kisha akaokota kipande cha tofali akakibana kwenye gurudumu. Uwanja wetu huo umelala sawa kama meza.

"Hilo toroli litakwenda wapi?" nikamwuliza.

Akalitazama lile tofali kama limewekwa na mtu mwingine. "Hata sijui, mama mkubwa," akasema, akavuta kiti. Ndipo akanieleza.

Kazini wanamwita Taratibu. Ana miaka kumi na mmoja anaendesha lori la kampuni moja, lori namba tisa, na breki ya mkono ya lori hilo haishiki. Kila mwezi anaandika kwenye kitabu cha gari, "Breki ya mkono haishiki." Kila mwezi bosi anaandika chini yake, "Imeonekana," na mambo yanaishia hapo. Vipuri vimepanda bei, ndilo jibu. Mwaka juzi lori lilijiondokea lenyewe sokoni, halina mtu ndani, likamkanyaga mpakizi mmoja mguu. Vidole vitatu vikaenda. Tangu siku hiyo Taratibu ana jiwe lake, jeusi, kubwa kama kichwa cha mbuzi. Hulibeba chini ya kiti. Akisimama mahali, kabla hata hajanyoosha mgongo, anashuka nalo na kuliweka nyuma ya tairi.

Sasa wiki ya nyuma yake bosi aliwakusanya madereva. Akasema wauza malori wanataka video ya lori lao jipya likiwa mlimani, jina lao limeandikwa ubavuni, na dereva awe wa kampuni yake. "Atakayepigwa picha ndiye atakayekabidhiwa," akasema. Akamchagua Taratibu kwa sababu hajawahi kugonga hata kuku. Yule mpakizi hawakumhesabu.

Mkewe alipiga pasi shati mpaka kola ikasimama. "Ukipewa gari lenye breki," mkewe alimwambia, "na mimi nitaanza kulala." Maana mama yule, mumewe akiwa safarini, simu ikilia tu roho inaruka.

Asubuhi akalichukua lori jipya, jeupe, kiti kinapanda na kushuka kwa kubonyeza. Akalitia jiwe kwenye gunia, akaliweka chini ya kiti hicho. Kwa nini? Anasema mkono ulilibeba, yeye hakuulizwa.

Walikwenda mpaka kwenye kona moja ya barabara ya mlimani, penye mteremko, bonde lote liko chini. Walikuwako bosi, mwongozaji ambaye ni binti mwenye spika ya mkononi, na wapiga picha wawili, mume na mke, ambao kazi yao maisha yote ni milima na mawingu. Gari walikuwa hawajawahi kulipiga. Wamesimamisha kamera zao, wamekaa juu ya masanduku, wametulia kama watu waliofika msibani mapema.

"Tunasubiri nini?" Taratibu akauliza.

"Mlima," mke akajibu.

"Si ule pale?"

"Ile ni nusu. Nusu nyingine bado imo ndani ya ukungu. Ukungu ukinyanyuka tuna dakika kumi. Baada ya hapo jua linachafua kila kitu."

Ukungu ulipoanza kunyanyuka ikaja pikipiki, juu yake bwana mmoja wa ofisi ya barabara, amevaa kizibao cha kung'aa.

"Kibali?"

Bosi akampa. Akakisoma mbele na nyuma.

"Hiki ni cha gari. Cha mlima kiko wapi?"

Yule mume akasema polepole, "Kumbe mlima nao una kibali."

"Ukionekana kwenye picha ya biashara, unacho. Kama hamna, piga picha mlima usionekane."

Bosi akamshika mkono, wakaenda nyuma ya gari dogo la bosi, wakazungumza. Waliporudi, bwana yule alikuwa anatabasamu na mlima umeshapata kibali. Ila ukungu ulinyanyuka wakiwa huko nyuma, ukashuka tena. Mke akaziba kamera yake kwa kitambaa. "Utarudi mara moja," akasema. "Mara mbili sikuahidi."

Wakatumia muda huo kufanya mazoezi. Mwongozaji akamfundisha Taratibu: "Mzee wangu, unakuja, unasimama pale kwenye mteremko. Unavuta breki. Unashuka, unakwenda mbele, unaweka mkono kwenye boneti, unatazama bonde. Basi. Usiseme kitu."

Kazi ya mtoto mdogo hiyo. Akaja, akasimama, akavuta breki, akashuka. Akaenda nyuma, akaweka jiwe kwenye tairi, ndipo akaja mbele akatazama bonde kwa uchungu wote.

"Kata," mwongozaji akasema. "Mzee, lile jiwe la nini?"

"Samahani. Nimesahau."

Mara ya pili vilevile. Mara ya tatu mwongozaji alimnyang'anya jiwe, akalikalia. Taratibu akaja, akasimama, akashuka, akaanza kuzunguka barabarani ameinama anatafuta jiwe jingine.

Mwongozaji akashusha spika. "Mzee, hili gari lina breki."

"Najua."

"Umeivuta mwenyewe."

"Nimeivuta."

"Sasa?"

"Mguu haujajua, binti yangu."

Yule mke mpiga picha akacheka, lakini si cheko la dharau. Mwongozaji naye alikuwa mtu wa kuuliza, akageuka kwa bosi. "Kwani yale malori mengine hayana breki?"

Bosi akafuta paji la uso. "Yanazo. Huyu ni mtu wa zamani tu."

Akaitwa mpwa wa bosi, karani wa ofisini, aliyekuja kubeba maji ya kunywa. Wakamvua Taratibu lile shati lililopigwa pasi, wakamvisha mpwa. Likampwaya mabegani, wakalibana mgongoni kwa vibanio vya nguo. Ukungu ukarudi, ukanyanyuka kweli, mlima ukatoka mzima. Taratibu akaendesha akiwa na fulana, ameinamisha kichwa asionekane, akasimamisha gari, akavuta breki, akalala kitini. Mpwa aliyejificha upande wa pili akatoka, akaenda mbele, akaweka mkono kwenye boneti, akatazama bonde. Mara moja tu, ikakubali. Leseni yenyewe hana.

"Ukiwa umelala pale chini uliwaza nini?" nikamwuliza.

"Nilikuwa nimeondoa mguu kwenye breki, mama mkubwa. Gari liko kwenye mteremko, nami sijalishika kwa mguu wala kwa jiwe. Halikwenda. Nikatamani nibaki hapohapo mpaka jioni."

Kamera zilipofungwa alikwenda kuchukua jiwe lake. Akamkuta yule mke amelirudisha nyuma ya tairi, amepiga magoti anapiga picha. Si ya mlima, ya jiwe. "Miaka ishirini napiga mawe," akamwambia. "Hili ndilo la kwanza kuliona likiwa kazini." Akamwomba aweke na mkono. Picha hiyo amemtumia kwenye simu, nami nimeiona: tairi jeupe kwa vumbi, jiwe, mkono wa mwanangu wenye kovu la jeki, na mlima nyuma.

Basi akamfuata bosi, amekwisha kuvaa shati lake lenye mikunjo mipya. "Bosi, kwangu si kitu kutotokea kwenye picha. Gari nitakabidhiwa lini?"

Kabla bosi hajajibu, kijana wa wauza malori akaja na karatasi, akalizunguka lori jeupe akitafuta mikwaruzo. Akanyoosha mkono. "Mzee, funguo."

Lilikuwa la kuazima. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri mwili. Wao walitaja mahali hasa, mimi nimepaacha.

"Tutaagiza," bosi akasema. "Mwakani, Mungu akipenda. Kesho uko na namba tisa, mzigo wa saruji."

Taratibu hakubishana. Si mtu wa kelele, hata utotoni ukimchapa alikuwa anakuuliza kama umeumia mkono. Kesho yake, Alhamisi, alifika kazini mapema, akaenda stoo, akaliweka jiwe juu ya meza.

"Nipokelee kifaa."

Mtunza stoo akalitazama. "Kifaa gani hiki?"

"Breki ya mkono ya namba tisa."

"Taratibu, usiniletee balaa sijanywa hata chai."

"Kifaa cha gari kikitolewa kwenye gari kinarudi wapi?"

"Stoo."

"Andika basi."

Yule mzee wa stoo anapenda kitabu chake kuliko watoto wake. Akakaa, akafikiri, akaandika: Breki ya mkono, namba tisa, moja. Hali, nzima. Taratibu akasaini. Akalirudisha gunia pia, nalo likaandikwa.

Bosi alipokuja akauliza, "Namba tisa ataendesha nani?"

"Atakayeikuta na breki."

"Nenda nyumbani. Utaitwa."

Hiyo ndiyo sababu nilikuwa naye nyumbani Jumatano mchana, siku ya saba. Nilimwuliza watoto watakula nini wasipomwita. Akasema hilo ndilo analolipigia hesabu, hajalimaliza. Mkewe ameanza kushonea watu nguo. Na analala, akaniambia. Tangu Alhamisi mkewe analala mpaka anakoroma.

Simu yake ikalia palepale. Alikuwa mtunza stoo, anazungumza kwa kunong'ona, ila masikio yangu bado ni mazima.

"Wameleta dereva mwingine. Kaja kuomba jiwe. Nikamwambia ni mali ya kampuni, linatoka kwa sahihi ya bosi."

"Si achukue jingine? Mawe yamejaa uwanjani."

"Hataki. Kaona kwenye kitabu limeandikwa breki. Anasema bila breki iliyoandikwa hapandi."

"Na bosi?"

"Kaletewa fomu. Imeandikwa pale, 'Jiwe, breki ya mkono.' Hataki kusaini. Anasema nifute. Mimi kitabu changu hakifutwi, sijafuta miaka kumi na tisa."

"Na namba tisa?"

"Iko palepale. Saruji imepakuliwa."

Wakaagana. Mwanangu akaweka simu juu ya goti. Akanyoosha miguu mpaka kivuli cha ukuta kikamfika magotini, akaegemeza kichwa kwenye mlango wa jiko. Nikamwambia, "Ingia ndani ulale vizuri, shingo itakuuma." Akasema, "Naam, mama mkubwa," macho yameshafumba.

Nikaendelea na maharage, mabaya huku, mazuri huku. Nilipoinua uso alikuwa amelala.